Kwa Nini Almasi Hukatwa Hadi Ikapungua Nusu

Oktoba 1947, katika mgodi wa Mwadui mkoani Shinyanga, lilipatikana jiwe la rangi ya waridi lenye uzito wa karati 54.5. Namba hiyo isiwatishe, vijana wangu. Karati moja ni sehemu moja ya tano ya gramu, kwa hiyo jiwe zima lilikuwa na gramu 10.9 tu, mtoto angelishika kiganjani, akafumba vidole, lisionekane. Mwenye mgodi alikuwa John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada aliyeigundua miamba ya almasi ya Mwadui mwaka 1940. Jiwe lile alimpa zawadi Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, ambaye alifunga ndoa Novemba mwaka huohuo. Mwaka 1948 mafundi wa London wakalikata. Walipomaliza, zilibaki karati 23.6.

Hesabuni wenyewe. Zaidi ya nusu ya jiwe ilikwenda, tena jiwe ambalo dunia nzima ililistaajabia. Na mafundi wale walisifiwa kwa kazi nzuri! Yataka maelezo.

Kwanza mjue kwamba almasi inapotoka ardhini haimeremeti. Almasi ghafi mara nyingi hufanana na kipande cha chupa kilichosuguliwa na mchanga wa ufukweni: ina ukungu, ina mafuta-mafuta, na asiyeijua ataikanyaga apite zake. Mng'ao wote tunaousifia umo ndani, umelala, na kinachouamsha ni mkato.

Chukueni bilauri ya maji mtie kijiko. Kijiko kitaonekana kimevunjika pale kinapoingia majini, kwa sababu mwanga ukitoka hewani kuingia majini hupunguza mwendo na kupinda. Almasi hufanya hivyohivyo kwa nguvu kubwa zaidi. Hewani mwanga hukimbia karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Ndani ya almasi mwendo wake hushuka hadi kama kilomita 124,000. Umepunguzwa mwendo, umepindwa, na sasa uko ndani ya jiwe unatafuta pa kutokea.

Hapa ndipo patamu. Mwanga ukiugonga ukuta wa ndani wa almasi ukiwa umenyooka, hupenya ukatoka nje. Ukiugonga kwa mshazari unaozidi nyuzi 24 hivi kutoka kwenye mstari uliosimama wima juu ya ukuta huo, hautoki; unarudishwa ndani wote. Kwa kioo cha kawaida mpaka huo ni kama nyuzi 41, ndiyo maana kioo hupoteza mwanga mwingi ambao almasi ingeuzuia. Basi kazi ya fundi ni kupanga kuta za jiwe kwa namna ambayo mwanga ukiingia kwa juu, ugonge ukuta mmoja wa chini, uvuke hadi ukuta wa pili, kisha urudi juu ulikotoka, machoni pa mtazamaji. Akiikata almasi bapa mno, mwanga unapenya chini, na jiwe linakuwa kama dirisha. Akiiacha ndefu mno kwenda chini, mwanga unatokea ubavuni, na katikati ya jiwe panabaki giza. Nyuzi chache tu za pembe zinatosha kuharibu kila kitu.

Na kwa kuwa kila rangi iliyomo ndani ya mwanga mweupe hupinda kwa kiasi chake, rangi hizo hutengana njiani. Ndiyo maana almasi iliyokatwa vizuri, ukiizungusha chini ya taa, hutema cheche nyekundu, kijani na buluu, ingawa yenyewe haina rangi.

Mambo haya mafundi waliyajua kwa mikono kabla hayajajulikana kwa hesabu. Mwaka 1919 kijana Marcel Tolkowsky, aliyetoka katika ukoo wa wakata almasi wa Antwerp huko Ubelgiji, alichapisha kitabu cha hesabu za pembe za almasi ya duara. Alikuwa hajatimiza miaka 20. Almasi ya duara yenye nyuso 57 inayouzwa leo katika maduka ya masonara bado inafuata njia aliyoionyesha, na mimi hufurahi kila nikikumbuka kwamba aliyeipigia hesabu alikuwa kijana wa umri wa mwanafunzi.

Kuna jiwe jingine lililowafundisha watu hadharani somo hili la kutoa uzito ili kupata mng'ao. Koh-i-Noor, almasi maarufu ya India, ilichukuliwa na Waingereza kutoka Lahore mwaka 1849, kutoka kwa Maharaja Duleep Singh, mtoto wa miaka 10. Mwaka 1851 iliwekwa kwenye maonyesho makubwa ya London. Watu walijipanga kuiona, na wengi wakaondoka wamenuna. Uzito wake ulikuwa karati zipatazo 191, lakini haikung'aa kama walivyotarajia, kwani ilikuwa imekatwa kwa mtindo wa kale wa India, ambao lengo lake lilikuwa kutunza ukubwa wa jiwe. Mwaka uliofuata mafundi waliletwa kutoka Amsterdam, wakaisaga kwa siku 38 kwa mashine ya mvuke. Ilibaki karati 105.6. Iling'aa zaidi, ndiyo. Lakini sura ile ya kale, iliyopita katika mikono ya wafalme wa India na Uajemi, ilipotea kabisa, na kwangu mimi hiyo ni hasara ambayo mng'ao haukuifidia.

Mnaona basi fundi anavyovutwa huku na huku. Kila chembe anayoisaga ni fedha, maana almasi huuzwa kwa uzito. Tena bei haipandi kwa ngazi sawa. Almasi mbili za nusu karati, hata ziwe nzuri namna gani, hazifikii bei ya almasi moja ya karati nzima ya ubora uleule, kwa sababu mawe makubwa ni adimu zaidi. Karati moja kamili ina heshima yake sokoni, na jiwe la karati 0.95 huuzwa kwa bei nafuu kuliko la karati 1, ilhali kwa macho hutatofautisha. Kwa hiyo wako mafundi wanaoacha jiwe nene tumboni ili tu mizani isome namba inayopendeza. Mnunuzi analipia uzito uliojificha chini, asiouona, huku mwanga ukivuja. Mtu akiniuliza, nitamwambia achukue jiwe dogo lenye mkato mzuri.

Ubora wa ndani nao hupimwa. Mtaalamu hulitazama jiwe kwa lenzi inayokuza mara 10, akitafuta nyufa na vijidoa vya madini mengine. Doa lisiloonekana kwa macho matupu kwa kawaida halipunguzi mng'ao, lakini hulipunguzia jiwe bei. Rangi hupangwa kwa herufi, kuanzia D, isiyo na rangi kabisa, hadi Z, yenye umanjano. Kisha zipo almasi zenye rangi kali, ambazo hutoka nje ya mpangilio huo na kwenda kwenye bei za ajabu. Buluu huletwa na elementi iitwayo boroni. Waridi, kwa kadiri wanasayansi walivyochunguza, haitokani na kitu kilichochanganyika humo; inatokana na mbinyo mkali wa chini ya ardhi uliopotosha mpangilio wa atomi za kaboni. Jiwe lililoteswa na ardhi ni miongoni mwa yenye thamani kubwa kuliko yote.

Mwaka 2021 Mwadui ilitoa jiwe jingine la waridi, safari hii la karati 32.32. Likiwa bado ghafi liliuzwa kwa dola za Marekani milioni 13.8. Waliolinunua walilikata hadi likabaki na karati 11.15, yaani karibu theluthi moja tu ya jiwe ndiyo iliyosalia, lakini ikiwa na waridi iliyokolea, isiyo na dosari ndani. Oktoba 2022 likapigwa mnada Hong Kong na kununuliwa kwa dola milioni 57.7. Likiwa ghafi, kila karati ilikuwa na thamani ya dola laki nne na ushee. Lilipokatwa, kila karati ilizidi dola milioni 5, na hakuna almasi iliyokuwa imewahi kufikia bei hiyo ya karati katika mnada wowote.