Nani Aliye Sugu? Istilahi za Ufuatiliaji wa Bakteria katika Vyakula vya Sokoni

1. Utangulizi

Makala haya yanachunguza istilahi mbili, usugu na ufuatiliaji, ambazo zisipofafanuliwa huzuia matokeo ya maabara yasimfikie muuza nyama wala mlaji. Mfano wetu ni soko kama lile la Lulimba, katika eneo la Fizi, Kivu ya Kusini. Kifaransa ndiyo lugha rasmi ya ripoti za afya, hali bei hupatanwa kwa Kiswahili au Kibembe. Asiyepewa istilahi iliyo wazi hujitungia maana yake mwenyewe.

2. Usugu ni wa nani?

Sugu ni ngozi iliyokomaa, kama ile ya kiganja kilichozoea mpini wa jembe. Kutoka hapo maana imepanuka, hata tunasema ugonjwa sugu na mhalifu sugu. Magazeti mengi huandika "usugu wa dawa", kana kwamba dawa ndiyo iliyo sugu. Wagonjwa nao husema, "Mwili wangu umezoea dawa." Kauli zote mbili zinakosea mtenda. Anayeishinda dawa ni bakteria. Tena bakteria mmoja mmoja hakomai kama kiganja: miongoni mwa mamilioni, wachache wana jeni ya kujikinga, dawa huua wenzao, nao husalia na kuzaana.

Kosa hili si dogo. Kama mwili ndio uliozoea, tatizo ni la mgonjwa peke yake, na nyama haihusiki. Kama bakteria ndiye sugu, basi aweza kutoka kwa kuku aliyepewa dawa ovyo, akapita kwenye kisu cha muuzaji, akamfikia mtu ambaye hajawahi kumeza hata kidonge kimoja. Istilahi ya Tanzania, Usugu wa Vimelea Dhidi ya Dawa (UVIDA), ni ndefu, lakini inamtaja mhusika wa kweli.

3. Kukagua na kufuatilia

Mkaguzi wa nyama hutazama kwa macho: minyoo, majipu, ini lenye madoa. Bakteria sugu hawaonekani hivyo. Nyama iliyopigwa mhuri yaweza kuwabeba. Kufuatilia ni kazi nyingine. Nyama, samaki au mboga hununuliwa sokoni kama anunuavyo mlaji, na kupelekwa maabara katika hali ya ubaridi. Bakteria huoteshwa, vikaratasi vya mviringo vyenye dawa huwekwa juu yao, kisha hupimwa upana wa duara ambamo hawakuota. Duara likiwa finyu kupita kipimo kilichowekwa, dawa hiyo imeshindwa. Zoezi hurudiwa mwaka hata mwaka kwa njia ileile, ili mabadiliko yaonekane.

Denmark ilianza mpango wa namna hii mwaka 1995. Marekani ilianza wake mwaka 1996, ikaongeza nyama ya madukani mwaka 2002. Faida yake ilidhihirika nchini China: mwaka 2015 watafiti walitangaza kwamba jeni mcr-1, inayoishinda dawa ya kolistini, imeonekana katika nguruwe, katika nyama ya rejareja na kwa wagonjwa. Mwaka 2017 nchi hiyo ilikomesha matumizi ya kolistini kama kikuzaji cha mifugo.

4. Hitimisho

Tunapendekeza "bakteria sugu" iwe istilahi ya msingi, na "bakteria wasiouawa na dawa" iwe maelezo yake kwa umma. "Usugu wa dawa" uachwe. Ufuatiliaji nao usiitwe ukaguzi, kwani muuzaji akisikia ukaguzi huogopa faini na kuficha bidhaa, ilhali sampuli huchukuliwa ili kujua, si kuadhibu.

Mtenda akishatajwa sawasawa, mashauri hueleweka yenyewe: mfugo usipewe dawa bila mganga wa mifugo, kisu cha nyama mbichi kisikate mboga za kuliwa mbichi, nyama iive vyema, kwani moto huua bakteria, awe sugu au asiwe.