Nguvu za Vijana Zijengwe, Zisivunjwe

Afikaye Dodoma wakati wa kiangazi hatambui pengine jambo lolote upesi kuliko ugumu wa ardhi yake. Mji huo upo kwenye uwanda ulioinuka zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Mvua zake ni za msimu mmoja tu, na zikishakatika udongo hukauka ukawa kama sakafu. Juu ya udongo huo ndipo watoto wengi wa shule wanapocheza kandanda. Sisi wa Visiwani tumezoea kuwaona vijana wetu wakicheza pwani maji yanapokupwa, na mchanga ukipokea sehemu ya kishindo cha kila hatua. Katika uwanda wa kati kishindo hicho hurudi gotini.

Kwa hiyo swali la namna ya kuwajenga vijana kwa nguvu na kasi si swali la anasa. Mvulana wa miaka 14 au 15 yumo katika kipindi ambacho mwili wake hurefuka upesi kuliko wakati wowote tangu utoto. Mifupa hutangulia, misuli hufuata nyuma, na ncha za mifupa bado ni laini. Msichana hufikia kipindi hicho mapema zaidi, kwa kiasi cha miaka miwili. Kijana aliyekuwa mwepesi mwaka jana huonekana mzito mwaka huu, na goti huanza kumuuma bila ya kugongwa na mtu.

Mbele ya hali hiyo yapo makosa mawili yanayopingana. La kwanza ni la woga: kuamini kwamba mazoezi ya nguvu hudumaza kimo cha mtoto. Wataalamu wamekwisha kulikataa dai hilo. Mazoezi hayo ni salama iwapo yanafundishwa vizuri na kusimamiwa. La pili ni la pupa: kumtwisha kijana mwenzake mgongoni apande naye kilima, au kumrusha kichurachura kama adhabu hadi miguu itetemeke, halafu jioni hiyo hiyo acheze mechi. Hayo si mafunzo. Wahenga walituambia samaki mkunje angali mbichi, hawakutuambia tumvunje.

Njia iliyo sahihi ina mpango, nayo haihitaji chumba cha vyuma. Kwanza kijana ajifunze kuubeba mwili wake mwenyewe: kuchuchumaa mgongo ukiwa umenyooka, kusimama kwa mguu mmoja, kujiinua kwa mikono akiwa kifudifudi. Pili ajifunze kutua kabla ya kujifunza kuruka, magoti yakikunjika kwa ulaini bila ya kugeukia ndani. Hapo ndipo ziingie ruka za juu na mbio fupi za kasi, chache, zenye mapumziko ya kutosha. Maana kasi haijengwi na mwili uliochoka. Uzito wa nje uje mwisho, kidogo kidogo. Siku mbili kwa juma, zisizofuatana, zinatosha kuanzia.

Ushahidi upo, tena wa Afrika yetu. Shirikisho la Kandanda la Dunia lilitunga mpango wa mazoezi ya utangulizi wa dakika 20 hivi, ambao hauhitaji chombo ila mpira. Ndani yake mna zoezi ambalo kijana hupiga magoti, mwenzake akamshika vifundo vya miguu, naye akajiinamisha mbele polepole ili kuimarisha misuli ya nyuma ya paja. Mpango huo ulijaribiwa mjini Lagos, Nigeria, kwa vijana 416 wa miaka 14 hadi 19, na matokeo yakatangazwa mwaka 2014: timu zilizoufuata zilipunguza majeraha kwa asilimia 41.

Lakini zoezi haliwezi kujenga misuli juu ya tumbo tupu. Uwanda wa kati ni nchi ya mtama, uwele na karanga, na ni nchi ya mifugo. Visiwani tuna samaki na dagaa. Chakula cha kujenga mwili wa kijana kipo. Kinachotakiwa ni kimfikie mchana, shuleni, kabla ya kuamriwa kukimbia.

Mwaka 2023 iliamuliwa kwamba fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za 2027 ziandaliwe na Tanzania, Kenya na Uganda kwa pamoja. Tunaunga mkono kila shilingi inayotumika kwa viwanja. Hata hivyo, kiwanja hakichezi mpira; miguu ndiyo inayocheza, nayo hulelewa shuleni miaka mingi kabla ya siku ya mechi.

Tunawashauri wakuu wa elimu na michezo, wa Bara na wa Visiwani, wawape walimu wa michezo mafunzo mafupi ya mpango wa namna hiyo, na wapige marufuku mazoezi ya kuumiza yanayotolewa kwa jina la ukakamavu. Gharama yake ni ndogo. Wenye dhamana walioko Dodoma hawana safari ndefu ya kujionea: watoke ofisini saa kumi jioni, wasimame kando ya kiwanja chochote cha shule, waitazame miguu ya watoto inavyotua.