Kutoka Kuchuma hadi Kukunjua: Vitenzi vya Ususi wa Ukindu na Dhana ya Ridhaa katika Kiswahili

1.0 Utangulizi

Ususi wa ukindu katika mwambao na visiwa vya Afrika Mashariki umeelezwa mara nyingi kuwa ni sanaa ya jadi, na mara nyingine kuwa ni njia ya kujipatia riziki. Maelezo yote mawili ni sahihi, lakini hayajibu swali moja la msingi: kwa nini mtu anayeweza kununua mkeka wa plastiki dukani huendelea kutafuta majani, kuyasuka kwa siku nyingi, kisha akampa mtu mwingine kile kilichopatikana? Makala haya yanadai kuwa sehemu ya jibu imo katika vitenzi vya kazi yenyewe. Ridhaa ya msusi haidhihiriki sana katika majina ya vitu avitengenezavyo, bali katika vitenzi vinavyomwelekeza kwa wenziwe.

2.0 Kuokota na Kuchuma

Ukindu hutokana na majani ya mkindu (Phoenix reclinata), mti uotao zaidi mabondeni na kandokando ya mito. Yanayotakiwa ni majani machanga ambayo hayajakunjuka, kwani yaliyokomaa hukakamaa. Hapa yafaa kutofautisha vitenzi viwili. Kuokota ni kukuta kitu kilichoanguka au kilichoachwa. Huhitaji bahati zaidi kuliko maarifa. Kuchuma, kwa upande mwingine, humtaka mtendaji aujue mti, majira yake, na kiasi cha kubakiza ili mti uendelee kuchipua. Ingawa ukindu hukatwa, wala hauchumwi kama embe, maarifa yatakiwayo ni yale yale ya mchumaji. Si ajabu basi kwamba kitenzi chuma ndicho kilichozaa nomino chumo na uchumi. Neno ambalo leo ni jina la taaluma nzima lilianzia kwenye mkono uliofikia tawi.

3.0 Kusuka na Kushonea

Majani yakishaanikwa huchanwa kuwa chane; baadhi ya chane huchemshwa katika rangi. Chane husukwa kuwa ukili, na ukili hushonwa ukingo kwa ukingo hadi upatikane mkeka, msala au kitanga. Kamusi huviorodhesha vitu hivi kama vyombo tu: kawa ni kifuniko cha chakula, kifumbu ni cha kuchujia tui. Lakini mwenendo wa vitenzi unafunua jambo jingine. Tazama mifano ifuatayo:

(1) a. Mama ameshona mkeka.
    b. Mama amemshonea mwali mkeka.
    c. Mwali ameshonewa mkeka.
    d. *Mkeka umeshonewa mwali.

Katika (1b) kauli ya kutendea imeongeza mshiriki mpya, naye huyo ndiye anayewakilishwa na kiambishi cha yambwa -m-. Sentensi inapogeuzwa kuwa ya kutendwa, kama katika (1c), mwali ndiye anayepanda hadi nafasi ya kiima. Mkeka hauwezi kufanya hivyo, na ndiyo maana (1d) haikubaliki. Kwa maneno mengine, mara tu anapotajwa wa kupewa, sarufi humtanguliza yeye mbele ya kitu.

Pingamizi laweza kutolewa kwamba kauli hii haina ukarimu wowote ndani yake, kwa kuwa umbo lilo hilo hutumika katika amemwibia na amemfia. Pingamizi hili ni la haki. Sarufi hutoa nafasi tu; jamii ndiyo inayoamua nafasi hiyo ijazwe na nini. Katika ususi nafasi hiyo imejazwa kwa namna maalumu. Wanawake huketi uani au barazani, kila mmoja na ukili wake mkononi, na kazi huenda pamoja na mazungumzo. Kitenzi suka chenyewe hutumika pia kwa nywele, kazi ambayo mtu huifanyiwa na mwenziwe kuliko kujifanyia, na ambayo kwa hiyo huzoea kauli ya kutendana: kusukana. Mkeka unaotolewa zawadi ya harusi, au jamvi linalopelekwa msikitini, huendeleza mwelekeo huo. Methali nayo yakumbusha: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

4.0 Kukunjua

Mkeka uliokunjwa na kuegemezwa ukutani haujatimiza kazi yake. Hutimia unapokunjuliwa na mgeni akaketi. Kitenzi hiki kunjua ndicho kinachotupa mkunjufu, yaani mtu mwenye bashasha na moyo wa kukaribisha. Haidaiwi hapa kwamba mkunjufu limetokana na mkeka, kwani nguo, karatasi na miguu pia hukunjuliwa. Kinachodaiwa ni kwamba Kiswahili hutumia kitenzi kimoja kwa jani linalofunguka, mkeka unaotandikwa na uso unaofurahi. Furaha, katika msamiati huu, ni hali ya kufungukia wengine.

5.0 Hitimisho

Nomino mkeka haimo hatarini. Nchini Tanzania siku hizi hutumika hata kwa orodha ya walioteuliwa kushika vyeo, na kwa tiketi ya kubashiri matokeo ya mpira. Mbashiri akikosa, husemwa mkeka umechanika. Katika ususi kuchana ni mwanzo wa kazi, ilhali katika bahati nasibu kuchanika ni mwisho wake. Jina limedumu, lakini mlolongo wa vitenzi uliolizunguka umekatika. Watafiti wa leksikografia wanaokusanya istilahi za ufundi wa jadi wana wajibu wa kuuliza si tu kitu hiki chaitwaje, bali pia hufanywa vipi, na nani, na kwa ajili ya nani. Kamusi inayorekodi chane na ukili bila kurekodi kumshonea mtu itakuwa imehifadhi mkeka uliokunjwa.