Paneli ya Jua Hupita Bungeni Kwanza

Mfanyakazi wa Arusha au Babati mwenye wazee wake Hirbadaw, wilayani Hanang, akijaaliwa fedha kidogo huwapelekea paneli ya jua. Huifunga juu ya basi, na wiki haijaisha mama anapakua chakula cha jioni pasipo kibatari. Ni nadra mtoto huyo kufikiri kwamba zawadi yake ilikwisha kupita Bungeni.

Hata hivyo ilipita. Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2014 ilipotungwa, iliweka paneli, pamoja na betri zilizotengenezwa kwa ajili ya umeme wa jua, miongoni mwa vitu visivyotozwa kodi hiyo. Betri ya gari, ambayo wengi huinunua kwa kuwa ndiyo iliyo karibu, haikutajwa. Majirani zetu wa Kenya wameona jinsi msamaha wa aina hii unavyoweza kugeuka: mwaka 2020 waliondolewa, mwaka 2021 wakarudishiwa.

Kwa nyumba moja, basi, sheria hugusa bei tu. Hakuna adaiwaye leseni ili awashe taa yake. Mambo huwa mazito pale kijiji kinapotaka zaidi ya taa: mashine ya kusaga, mashine ya kuchomelea vyuma, jokofu la chanjo katika zahanati. Hapo huhitajika mtambo wa pamoja, na mtu wa kuuza umeme kwa jirani zake. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 ilimfungulia mlango mtu huyo, kwani mwenye mtambo usiofikia megawati 1 hadaiwi leseni. Huko Mwenga, Mufindi, mtambo wa maji wa megawati 4 umekuwa ukiiuzia TANESCO na wanavijiji tangu mwaka 2012.

Utata umo katika bei. Mwaka 2020 Serikali iliagiza wenye mitambo midogo wauze uniti kwa shilingi 100, sawa na alivyokuwa akilipa mteja mdogo wa TANESCO. Mwandishi haoni kosa lolote mkulima wa Hanang kulipa sawa na mwenzake. Lakini TANESCO ina viwanda na miji ya kuibebea hasara ya vijijini; mwenye mtambo wa jua ana kijiji kimoja tu, na betri zake huchakaa.

Upo Mfuko wa Nishati Vijijini, uliowekwa na sheria ya mwaka 2005. Huchangiwa kwa tozo za umeme na mafuta, hivyo hata abiria wa daladala mjini ana senti zake humo. Ruzuku hizo husaidia kujenga. Betri zikifa mwaka wa nane, na umeme umeuzwa kwa shilingi 100 miaka yote hiyo, nani atanunua nyingine? Swali hilo mama wa Hirbadaw atauliza kabla hajanunua jokofu.