Dawa ya viazi nayo inazeeka

Wandugu, huku Alimbongo baridi na mvua vinaleta mildiu ku viazi ulaya, na mulimaji anakimbilia mankozebu. Mambo tatu tuyaelewe.

1. Unga ule unaogopa maji na joto. Ukifungwa vizuri, fasi kavu, unaweza kukaa miaka 2 hivi. Angalia tarehe ku mfuko. Ukivuta unyevu na kuganda mabonge, nguvu imeshapungua.

2. Ukishachanganya na maji, pompi imalizike siku ile ile, juu dawa inaanza kuvunjika. Mupime shamba mbele, kiisha mupime dawa.

3. Mankozebu haiingie ndani ya jani, inafunika juu tu. Inazuia, haiponyeshe. Majani mapya yanaota bila kinga, mvua inaosha ya zamani: njo maana tunarudilia kisha siku 7 mpaka 10, hata mapema mvua ikizidi.

Kuongeza kipimo cha dawa iliyozeeka ni kulipa mara mbili, na ugonjwa unaendelea. Anayenunua kwa kijiko, bila mfuko, hawezi kujua tarehe. Sisi tuliosoma tuwafundishe wazazi wetu kuuliza tarehe mbele ya bei.