Zima Tenje, Kasa Anatoka

Wasee wa Nairobi tukishuka Coast, rada huwa ile ile: kuchill ufuoni, kudishi viazi karai, mapicha kibao, rudi mtaa. Safari hii mbogi yetu ilishukia Gede, tukadandia tuktuk hadi Watamu, na kitu ilinibamba kuliko zote hata sikuwa nimeipangia.

Jioni hiyo morio mmoja wa huko alikuwa amepiga magoti kando ya kiota cha kasa, anachimba na mikono polepole. Watoi wengi walikuwa wametoka usiku wa kuamkia jana. Yeye alikuwa anacheki waliokwama chini. Akitoa maganda anayapanga kumi kumi, laini, yamejikunja ka karatasi imeloa, si ya kuvunjika ka ya kuku. Kasa hutaga mayai 100 na zaidi kwa shimo moja, anafukia, anaishia. Kwa karibu miezi mbili mchanga ndio mathe wao. Tena joto yake ndiyo huamua: mchanga ukiwaka sana wanatoka madem, ukipoa wanatoka machali. Ndio maana jua ya siku hizi inawanyima usingizi wasee wanaochunga viota.

Halafu mchanga ukasonga. Kamtoi keusi, kanatoshea kwa kiganja, macho imejaa mchanga. Morio akakaweka chini, kakaanza kupiga vikono kuelekea maji. Hatua chache tu, kakatumbukia kwa shimo. Hiyo shimo ilikuwa alama ya mguu wangu.

Nikainama kukainua. "Wacha katembee kenyewe, brathe." Inaaminika hapo ndipo kanashika ramani ya hiyo pwani. Kakiwa kadem na katoboe, kanaweza rudi kutaga pande hizo baada ya miaka 20, 30. Basi mbogi nzima tukapiga magoti tukafuta nyayo zetu na viganja, mpaka kwa maji.

Beshte yangu akawasha tochi ya tenje apate video. Kamtoi kakageuka, kakaanza kutufuata sisi. "Zima!" Usiku kasa mdogo hufuata pahali pameng'aa, na tangu zamani hiyo ilikuwa bahari. Siku hizi taa ya nyumba za ufuoni inamvuta nyuma, kwa kaa na barabara.

Inakadiriwa kati ya 1,000, mmoja hivi ndiye hukua mkubwa. Watamu kuna Local Ocean Conservation, wako kwa hii wera tangu 1997. Mvuvi akinasa kasa kwa wavu anawapigia simu, wanamlipa kitu kidogo, kasa anarudishwa majini. Hiyo mpango naiheshimu sana, juu mvuvi pia ana watoi wa kulisha.

Wimbi la kwanza likakabeba, likakarudisha chali. Kakajipindua. La pili pia likakatupa. La tatu kakaenda nalo, kichwa kikatokea mara moja juu ya povu. Tukasimama hapo hadi maji ikatufika magotini, giza totoro, na hakuna mtu aliwasha tenje.