Ndege Iliyoitwa Tufani

Barua itokayo Baraka, kando ya ziwa Tanganyika, hupanda milima mpaka ifike Fizi. Mchukuzi akikawia njiani, habari nayo hukawia. Wakati wa vita kukawia huko ni hatari kubwa.

Mwaka 1934 Wajerumani walitengeneza ndege ndogo ya safari, Messerschmitt Bf 108. Ilikuwa na injini moja na viti 4. Ikiwa angani, magurudumu yake yalikunjwa ndani ya mabawa, upepo usiizuie. Mwaka 1935 mwanamke rubani, Elly Beinhorn, aliruka nayo kutoka Ujerumani hadi Istanbul, akarudi siku ile ile. Ndiye aliyeiita Taifun, maana yake tufani.

Katika vita ya 1939 hadi 1945, jeshi la Ujerumani liliifanya kuwa mjumbe wake. Mahali pa msafiri pakakaliwa na ofisa mwenye barua. Ndege hiyo haikutumwa kuangusha mabomu. Lakini amri moja iliyochukuliwa humo iliweza kupeleka maelfu ya askari vitani.

Vita ilipokwisha, Wafaransa waliendelea kuitengeneza. Chache zaruka hata leo, bila amri ya vita ndani yake.